Saa Tatu Asubuhi, Niko Baa



Jumamosi moja nilimuaga mume wangu asubuhi, begi begani, chai nimeiacha nusu kikombe. Akaniuliza naelekea wapi saa hizo. Nikamjibu, "Baa." Akanyamaza kidogo. Akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa upole, "Haya. Wakifunga nipigie, nije nikuchukue."

Sikuwa namtania. Ule ufito wa mbao unaofungwa ukutani katika vyumba vya kufundishia densi ya bale, ambao wanafunzi huuwekea mkono wakifanya mazoezi, jina lake la Kifaransa likifika masikioni mwetu ndivyo linavyosikika: baa. Nasi Waswahili tuna baa mbili tayari, ya vinywaji na ya balaa. Wiki zangu za kwanza, hii ya tatu ilifanana sana na ile ya pili. Lakini nisije nikapigiwa simu na masheikh na wachungaji kabla kipindi hakijaisha, leo nitauita ufito, basi.

Mimi nina miaka 47. Nimezaliwa Mombasa, naishi Nairobi, na kazi yangu ni ya kukaa: mbele ya maikrofoni, mbele ya kompyuta, ndani ya gari kwenye foleni. Nilikuwa nikimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye darasa la bale, nakaa kwenye benchi, napekua simu mpaka wamalize. Siku moja mwalimu wao, kijana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu, akanijia. "Mama, nauli unalipa, saa unapoteza. Si uingie tu na darasa la watu wazima?" Nikacheka. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani, nimevaa suruali ya kulalia kwa sababu sikuwa na nyingine inayovutika.

Tulikuwa wanane. Mhasibu mmoja, wanafunzi wa chuo, nesi mstaafu aliyenizidi umri na kunishinda kunyooka mgongo, na kijana wa bodaboda aliyeletwa pale na mpenzi wake. Mpenzi aliacha baada ya masomo mawili. Yeye yupo mpaka leo.

Nilidhani tutaanza na miguu. Tulianza na mkono.

Mwalimu aliniambia niweke mkono wa kushoto juu ya ufito. Nikaushika kama ninavyoshika bomba la matatu dereva anapoifukuzia taa ya Ngong Road kabla haijawa nyekundu. Akaja, akainua vidole vyangu kimoja kimoja, kama anayembandua mtoto shingoni mwa mama yake. "Mama, huu haukamatwi. Uguse kama unavyogusa chapati kujua kama imepoa."

Mkono ukae mbele kidogo ya mwili, niuone bila kuutafuta. Kiwiko kilegee, kielekee chini. Kidole gumba kilale juu pamoja na wenzake, kisipite chini ya mbao, maana kikishapita chini mkono unageuka ngumi, ngumi inavuta bega, bega linapanda hadi sikioni, na mtu mzima anabaki ananing'inia kama koti. Ufito wenyewe kwa kawaida hufungwa kwenye sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na watoto huwekewa wa pili chini yake. Kimo hicho hakifai kuegemea na hakifai kuning'inia. Aliyekipanga alijua tabia zetu.

Anayeijua kazi hii bila kufundishwa ni makanga. Mtazame makanga stadi amesimama mlangoni mwa matatu inayokwenda. Vidole viwili tu vimegusa fremu ya mlango, mkono wa pili unapanga noti kwa thamani yake, magoti yamelainika, na gari likiruka tuta yeye anashuka na kupanda nalo bila kukatiza hesabu. Abiria aliyesimama ndani, ambaye amelikumbatia bomba kwa mikono yote miwili, ndiye anayetupwa. Nilipomwambia mwalimu hivyo alicheka, na tangu siku hiyo darasani kwetu mtu akikaza vidole anaulizwa, "Wewe ni makanga au abiria?"

Sasa, kwa nini Kifaransa? Kwa sababu ya mfalme mmoja aliyependa kucheza. Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa mchezaji yeye mwenyewe. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alipanda jukwaani kama jua linalochomoza, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha densi mjini Paris. Pierre Beauchamp, mwalimu wake, ndiye anayetajwa kuwa alipanga ile mikao mitano ya miguu ambayo mtoto wa Nairobi anafundishwa leo. Baadaye wakaja Waitaliano: Carlo Blasis na kitabu chake cha mwaka 1820, kisha Enrico Cecchetti, aliyepanga mazoezi ya Jumatatu yake, Jumanne yake, mpaka wiki ikaisha. Warusi nao wakampata Agrippina Vaganova, ambaye kitabu chake cha mwaka 1934 bado kinafundishiwa. Wakubwa hao wana mitaala yao, na wafuasi wao wakikutana hawakosi la kubishania, hata namna ya kushika kichwa. Lakini wote wanaanzia ufitoni, na kwa mpango ule ule: vitu vidogo na vya polepole kwanza, vikubwa na vya kasi baadaye. Katika somo la dakika 90, nusu nzima inaweza kwisha hujaondoka ukutani.

Turudi kwenye miguu. Mkao wa kwanza: visigino vimegusana, vidole vinatazama nje, huku na huku. Kwenye picha utaona nyayo zimekuwa mstari mmoja, kisigino kwa kisigino, kama kalamu iliyolazwa. Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapojiumiza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilijiona nacheleweshwa, nikaenda kujaribu mahali pengine ambapo sipataji. Mwalimu wa huko alisukuma visigino vyangu kwa ncha ya kiatu chake mpaka vidole vikatazama kuta mbili. Kwa dakika 20 nilijiona mchezaji kamili. Goti la kulia likanisimulia habari hiyo kwa wiki mbili, hasa nikipanda ngazi.

Nilirudi kwa kijana wangu nikiwa mpole. Hakunicheka. Alinieleza kwa mikono yake: ngumi moja ndani ya kiganja cha pili, ikizunguka. Mfupa wa paja umeingia nyongani kama mchi ndani ya kinu, na mchi unaweza kuzunguka kinuni. Goti ni bawaba ya mlango. Linafungua na kufunga, halizunguki, isipokuwa kidogo sana. Ukiulazimisha wayo ugeuke kuliko paja lilivyogeuka, deni hilo halipotei, linadaiwa gotini.

Namna ya kujua kiasi chako ni hii. Simama nyayo zikiwa sambamba, zimekaribiana. Hamishia uzito visiginoni kidogo. Kisha geuza mapaja kutoka juu, kutoka nyongani, na uziache nyayo zifuate zenyewe kama milango miwili inayofunguka. Pale zinapokomea ndipo pako. Mimi zilikomea kwenye pembe mraba na ushei. Nesi wetu mstaafu zilipita kidogo, kijana wa bodaboda hazikufika. Hakuna aliyekaribia mstari wa kwenye picha. Mifupa ya nyonga haifanani, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo.

Uhakiki wake ni wayo wenyewe. Chini ya mguu kuna mafiga matatu: moja chini ya kidole gumba, la pili chini ya kidole cha mwisho, la tatu kisiginoni. Yote matatu yawe chini, yamebeba sawa. Mtu aliyejigeuza kwa nguvu utamjua kwa figa la kidole cha mwisho: limeinuka, na wayo umelalia ndani, ule upinde wake umebonyea kama chapati. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Halafu kuna kiuno. Hapa naomba wenzangu wa Pwani wanivumilie. Mimi nimelelewa kwenye harusi ambako chakacha ikianza, leso inafungwa nyongani na kiuno ndicho kinachozungumza. Mabega yanatulia, uso unatulia, kiuno kinasema yote. Sasa naambiwa kinyume chake: mikono icheze, miguu icheze, kiuno kitulie kama sinia la maji. Wiki tatu mwalimu alikuwa akinipitia nyuma na kusema, "Mama, kiuno." Siku moja nikamjibu, "Mwanangu, hicho kina elimu yake." Lakini kulikuwa na faida nisiyoitazamia. Aliyezoea kucheza kiuno anajua kilipo. Mhasibu wetu hakuwa anajua kama kiuno chake kimeinama mbele au nyuma. Alikuwa amekaa juu yake miaka 15 bila kufahamiana nacho. Mimi niliambiwa kitulie, na nilijua wa kumtuliza.

Zoezi la kwanza lenyewe huitwa pliye, maana yake kukunja. Unakunja magoti, unanyoosha magoti. Ni hilo tu, na nina miezi minane bado nasahihishwa.

Sisi tuliokulia na choo cha shimo na jiko la chini tunadhani kukunja magoti ni kazi yetu. Kuchutama tunakuweza, kweli. Lakini mtu akichutama makalio yanarudi nyuma na kifua kinakwenda mbele ili vilingane, asianguke. Pliye haina nyuma wala mbele. Mgongo unashuka wima kama ndoo inayoteremshwa kisimani, bila kugusa ukuta wa kisima upande wowote, na magoti yanafunguka nje juu ya vidole vya miguu. Ukitazama chini, goti lako linapaswa kukaa juu ya kidole cha pili. Likilalia upande wa kidole gumba, umejigeuza kuliko unavyoweza. Punguza, usibishane nalo.

Katika pliye ndogo visigino haviinuki. Utashuka mpaka mshipa mnene wa nyuma ya kifundo cha mguu useme basi, na hapo ndipo mwisho wako wa leo. Katika pliye kubwa unaendelea chini na visigino vinaachia sakafu, isipokuwa katika mkao wa pili, ule wa miguu iliyoachana, ambako vinabaki chini mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wetu hakutupa pliye kubwa kwa wiki kadhaa. Nilidhani anatubania, sasa naona alikuwa anatunza magoti ya watu.

Na kupanda ndiyo kazi kuliko kushuka. Wengi wetu tulikuwa tunashuka kwa adabu, tukifika chini tunapumzika, kisha tunajiinua kwa mkono. Hapo ufito unalia, unasikia vishikizo vyake vikilalamika ukutani. "Hakuna kukaa chini," kijana anasema. "Ukifika, umeshaanza kurudi. Sukuma sakafu." Tofauti ya kujivuta juu na kuisukuma sakafu chini ni ya nani anafanya kazi: ukijivuta ni mkono, ukisukuma ni miguu.

Baada ya pliye, mwalimu akasema, "Sasa tandu."

Mtoto wa Pwani ukisikia tandu huulizi, unaruka. Nikaruka. Darasa zima likanitazama. Kumbe tandu ya Kifaransa haina miguu mingi wala haiumi. Maana yake ni kunyoosha. Mguu mmoja unasimama, wa pili unateleza kutoka mkao wa kwanza, mbele au kando au nyuma, bila kuachana na sakafu, mpaka kisigino kinainuka, halafu pedi ya wayo, na zinabaki ncha za vidole tu. Kisha unarudi kwa njia ile ile uliyoendea, pedi kwanza, kisigino mwisho.

Nilikuwa naichukulia kama kuonyesha kitu kwa mguu, pale! Mguu unatupwa, vidole vinagonga. Mpaka nilipokumbuka sakafu ya nyumbani kwa bibi, ile ya simenti nyekundu. Likizo sisi wajukuu tulikuwa tunaipaka nta, tunatupa kitambaa chini, tunakikanyaga kwa mguu mmoja na kusugua, mbele nyuma, mpaka unajiona sura yako. Ukikanyaga kijuujuu, sakafu haing'ai na bibi anakuona. Wayo ulipaswa kuikandamiza simenti safari nzima. Nilipofanya tandu kama nasugua kwa bibi, mwalimu alisimama. Hakusema kitu. Aliendelea kwa mwenzangu, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kosa la kuangalia hapa ni mguu kupinda kama mundu: ukiwa mbele, kisigino kinajificha nyuma na vidole vinakunjikia ndani. Dawa yake ni mpangilio wa nani atangulie. Kwenda mbele, kisigino ndicho kinachoongoza. Kurudi, vidole ndivyo vinavyotangulia. Anza na hesabu nne kwenda na nne kurudi. Ukiweza, mbili na mbili. Mwezi wa kwanza usiharakishe zaidi ya hapo, kasi huficha uchafu.

Zoezi la tatu jina lake sitalitamka kamili hewani. Linamalizikia na sauti inayokaribiana mno na neno lisilosemwa mbele ya wakwe, na tulipolisikia mara ya kwanza mimi na kijana wa bodaboda ilibidi tutazame ukutani. Ni duara. Ncha ya mguu inatoka mbele, inapita kando, inafika nyuma, inarudi katikati, ikichora nusu duara sakafuni.

Hilo ndilo lililonifungua macho. Nilipokuwa shule tulikuwa na bikari, ile ya kwenye kibati cha vifaa vya hesabu. Mguu mmoja una penseli, wa pili una sindano. Sote tulitazama penseli, ndiyo iliyochora. Lakini duara likiharibika kosa halikuwa la penseli. Sindano ilikuwa imehama.

Mwalimu alimsimamisha kijana wa bodaboda mbele yetu, akamwambia achore nusu duara polepole kwa mguu wa kulia. Akatuuliza, mguu upi unafanya kazi? Tukajibu kwa pamoja, wa kulia. Akatuita tuguse paja la kushoto kwa kidole. Lilikuwa jiwe. Linatetemeka, limelowa, limebeba mtu mzima, na hakuna aliyekuwa akilitazama. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema, bila kugeuza kichwa, "Kumbe ni kama pikipiki ikisimama na abiria. Mguu mmoja umeibeba yote, abiria hata hajui."

Toka siku hiyo nimeacha kujitazama kwenye kioo kwa mguu unaokwenda. Natazama ule uliobaki. Mafiga matatu yako chini? Goti limenyooka bila kusukumwa nyuma? Nyonga ya upande huo imeinuka, au nimeikalia kama ninavyosimama kwenye foleni ya benki, uzito wote umemwagwa upande mmoja? Naujua mguu huo umechoka pale vidole vya mkono vinapoanza kukaza. Ukitaka kumjua mwanafunzi usisumbuke na miguu yake, tazama mkono uliopo ufitoni.

Kwa hiyo mimi nina shaka na ufito wa ukutani. Ni mstahamilivu mno. Unakuvumilia, unakubeba, unakuacha uamini kwamba umesimama. Nafikiri juu ya hilo nikizikumbuka picha za Kibera. Mike Wamaya alianza kuwafundisha bale watoto wa kule, na kazi hiyo ikamfikisha miongoni mwa walimu kumi wa mwisho katika tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora mwaka 2017. Zile picha zilizozunguka dunia zinaonyesha chumba cha darasa, madawati yamesukumwa pembeni, hakuna kioo, hakuna ufito. Wapiga picha walipenda mabati na nguo za jukwaani kukaa fremu moja, na sitawalaumu, ndiyo kazi yao. Mimi hutazama nyayo. Mtoto aliyejifunza kusimama mahali pasipo cha kushika hawezi kudanganywa na ufito, maana haupo. Simaanishi umaskini ni mtaala. Wape ufito, wape sakafu ya mbao, wape kila kitu. Nasema tu kwamba sisi wenye ufito tusijione tumetangulia.

Nyumbani natumia kiti cha plastiki. Ndiyo, kile kile cha harusini na matangani. Nakiweka kando yangu, mgongo wake umenielekea, naweka vidole juu. Kiti cha plastiki ni chepesi, na wepesi huo ndio ualimu wake: nikikiegemea tu, miguu yake miwili inainuka, tak, kinanishtaki. Mama mkwe alinikuta jikoni naongea na kiti, hakusema neno, alichukua sukari akaondoka. Kaunta ya jikoni nayo inafaa, ila inasamehe kama ukuta. Reli ya taulo ya bafuni usiithubutu. Na soksi kwenye vigae ni safari ya hospitali. Vaa viatu laini vya bale vya ngozi au turubai, au kaa pekupeku.

Dakika 15 zinatosha. Nane za pliye, polepole. Tandu nane mbele, nane kando, nane nyuma, nane kando tena. Nusu duara chache. Na pumzi, jamani. Anayeanza huibana pumzi kama anayepita mbele ya mbwa. Mimi huhesabu kwa sauti, kwa sababu mtu hawezi kuhesabu kwa sauti huku amebana pumzi; mpaka majirani wa ghorofa ya chini wanajua nimefika ngapi.

Mwisho wa mazoezi ya ufitoni darasani, tunapanda juu ya vidole. Wanaita releve. Visigino vinaachia sakafu vyote viwili pamoja, uzito unakwenda juu ya kidole gumba na cha pili, vifundo havilali nje. Na hapo mwalimu anasema neno moja tu: "Achia."

Mara ya kwanza niliachia nikaanguka palepale, nikamdaka nesi. Mara ya pili pia, na nesi akahama. Kosa langu lilikuwa la kuachia kwa kurusha: mkono unaondoka kwa pupa na mwili unaufuata. Mkono uliowekwa vizuri hauna haja ya kuondoka. Unaacha tu kubonyeza, halafu siku moja unakuta kati ya vidole na mbao pana upana wa karatasi, na bado uko juu. Nilikaa hapo hesabu tatu. Ya nne sikuifikia kwa sababu nilitabasamu.

"Geukeni," akasema. "Upande wa pili."

Ndiyo hiyo, msikilizaji: kila kitu kinarudiwa kwa mkono mwingine. Sasa mkono wa kulia uko ufitoni na mguu wa kulia ndio unaosimama, na hapo nikakutana na mtu nisiyemjua. Maisha yangu yote mguu wa kulia umekuwa wa kupigia mpira, wa kukanyagia breki, wa kutangulia ngazini. Kusimama uliuachia wa kushoto. Nilipanda releve, nikaambiwa achia, na vidole vikakataa kama vya mtoto shuleni siku ya kwanza.

Darasa likiisha mwalimu hupita na kitambaa kikavu akifuta ufito kutoka mlangoni mpaka dirishani. Jasho huacha alama juu ya mbao, na yeye huzisoma kabla hajazifuta. Nilikuwa sijui mpaka Jumamosi iliyopita, nilipochelewa kufunga viatu. Alipofika mahali pangu akasimama, akaniita. Mkono wa kushoto ulikuwa umeacha nukta mbili ndogo, ncha za vidole, karibu zimeshakauka. Hatua moja mbele yake, mahali pa mkono wa kulia, palikuwa na kiganja kizima, vidole vinne na gumba lake chini ya mbao. Akaniangalia, akaning'iniza kitambaa begani.

"Mama," akasema, "huyu abiria ameingia saa ngapi?"